Redio na Hifadhi ya Mazingira: Yaliyojiri Dodoma na Mafunzo Yake kwa Wananchi

Uwanda wa kati wa Tanzania, wenye mikoa ya Dodoma na Singida, ni miongoni mwa sehemu kavu za nchi yetu. Mji wa Dodoma uko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake kwa wastani ni milimita 570 hivi kwa mwaka. Mvua hiyo hunyesha katika msimu mmoja tu, kuanzia Disemba hadi Aprili, na baada yake hufuata miezi saba ya kiangazi. Mkaazi wa Unguja au Pemba, aliyezoea kuipokea masika na kisha kuisubiri vuli, hana budi kuzingatia jambo hili: mkulima wa Dodoma akikosa mvua za msimu mmoja, hana msimu wa pili wa kumfidia.

Katika nchi ya namna hiyo, habari ya mazingira ni habari ya chakula na maji. Mkulima asiyepata taarifa mapema kwamba mvua zitachelewa, huipoteza mbegu aliyoihifadhi mwaka mzima. Mfugaji asiyejua kwamba malisho ya upande fulani yamefungwa, hupoteza siku za safari na mifugo yake ikadhoofika njiani. Aidha, mama anayefuata kuni masafa ya mbali huzidi kwenda mbali kila mwaka, pasi na kuelezwa kwamba visiki vilivyomo shambani mwake bado viko hai na vinaweza kuwa miti tena.

Kwa muda mrefu habari za aina hiyo ziliwafikia wananchi kupitia redio moja ya taifa. Hivi sasa njia zimeongezeka. Vipindi vya mazingira husikika pia katika vituo vya jamii vilivyoko wilayani, na vyuo vyenye vituo vyao vimepata nafasi ya kushiriki. Makala haya yanakusudia kuwaelezea wananchi namna kipindi cha mazingira kinavyoenea kutoka kituo kimoja hadi kingine, faida inayopatikana, na masharti yanayopaswa kutimizwa ili kuenea huko kuwe na manufaa. Mfano uliochaguliwa ni wa Dodoma, kwa sababu mkoa huo una historia ya redio isiyo na mfano wake katika Afrika Mashariki.

REDIO MOJA KWA NCHI NZIMA

Mwaka 1973 ulikuwa na mambo matatu yanayohusiana na maelezo haya. La kwanza, chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamishiwe Dodoma. La pili, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa jina la HADO, kwa msaada wa Serikali ya Sweden, ili kupambana na mmomonyoko wa ardhi. La tatu, ilifanyika kampeni ya redio ya nchi nzima iliyoitwa Mtu ni Afya.

Kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kwa kushirikiana na Redio Tanzania kwa muda wa wiki 12. Waandalizi hawakutosheka na kurusha sauti hewani. Wananchi walijiunga katika vikundi vya kusikiliza, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyepata mafunzo na kitabu cha kufuatia. Kipindi kilipomalizika, redio ilizimwa na mazungumzo yakaanza: kipi kati ya yaliyosemwa kinahusu kijiji chao, nani atakifanya, na lini kitafanywa. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa, na mazingira ya nyumba yakasafishwa. Lengo la kampeni lilikuwa kuwafikia watu milioni moja, lakini walioshiriki walikisiwa kuwa kiasi cha milioni mbili. Mwaka 1975 ilifuata kampeni ya Chakula ni Uhai, na mwaka 1980 njia hiyo hiyo ikatumika katika kampeni ya Misitu ni Mali, iliyohusu uhifadhi wa misitu.

Mradi wa HADO kwa upande wake ulikuja na njia nyengine. Katika milima ya Kondoa Irangi, mvua zilikuwa zimechimba makorongo yenye kina kikubwa na udongo wa juu umechukuliwa na maji. Mwaka 1979 Serikali iliamua mifugo yote iondolewe katika eneo lenye zaidi ya kilometa za mraba 1,200. Miaka michache baadaye nyasi na vichaka vilirudi, na Kondoa ikawa mfano unaotajwa na wataalamu wa ardhi katika nchi nyingi. Mwaka 1986 hatua kama hiyo ilichukuliwa katika tarafa ya Mvumi.

Hata hivyo, kwa mwenye ng'ombe, kuondolewa mifugo kulimaanisha kukosa maziwa, kukosa samadi, na kuipeleka mali yake mbali na macho yake. Palihitajika miaka kumi kabla ya ng'ombe wa maziwa wanaofugwa zizini kuanza kuruhusiwa katika eneo la Kondoa. Hatua za HADO ziliokoa ardhi, na hilo halina ubishi. Lakini zilifundisha pia kwamba agizo linalotangulia maelezo hutekelezwa kwa uzito, na kwamba mwananchi aliyeeleweshwa huilinda hifadhi hata pale mlinzi asipokuwepo.

MIAKA MIWILI YA UKIMYA

Mwezi wa Julai 1993, Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa kuigiza ulioitwa Twende na Wakati. Mchezo huo ulihusu uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Ulisikika mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, katika nchi nzima isipokuwa sehemu moja tu. Sehemu hiyo ilikuwa Dodoma.

Sababu ilikuwa ya kitaalamu. Mtambo wa Redio Tanzania uliokuwepo Dodoma uliweza kurusha vipindi vyake wenyewe. Watafiti, akiwemo Profesa Everett Rogers wa Marekani, kwa makubaliano na wenye redio, waliona kwamba mtambo huo ukirusha vipindi vingine katika saa za mchezo, itawezekana kulinganisha wananchi waliousikia na wale wasiousikia. Kwa hivyo, kuanzia 1993 hadi 1995, wasikilizaji wa Dodoma na maeneo ya jirani waliohudumiwa na mtambo ule hawakupata mchezo ambao wenzao wa mikoa mingine walikuwa wakiujadili.

Matokeo yalikuwa wazi. Katika maeneo yaliyousikia mchezo, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka, ilhali Dodoma hayakuongezeka. Mchezo ulipoanza kusikika Dodoma mwaka 1995, mabadiliko ya namna ile ile yalionekana huko pia. Iligundulika vile vile kwamba mchezo ulifanya kazi zaidi pale wasikilizaji walipozungumza wao kwa wao: mume na mke, jirani na jirani, rafiki na rafiki. Redio ilianzisha mazungumzo, na mazungumzo ndiyo yaliyobadilisha mwenendo.

Utafiti huo hutajwa hadi leo katika vyuo vya dunia vinavyofundisha mawasiliano. Kwa mwananchi wa kawaida, una maana moja kubwa: kukosa kipindi cha redio kuna hasara, na hasara hiyo imepimwa. Ni haki kuuliza kama ilifaa watu wa mkoa mmoja wakae miaka miwili bila ya mafunzo yaliyohusu uhai wao. Lakini ni haki zaidi kuitazama hali ya leo. Leo hakuna mtafiti aliyeamua kijiji fulani kinyimwe habari. Hata hivyo, viko vijiji vilivyomo katika hali ile ile ya Dodoma ya 1993, ama kwa sababu mawimbi hayafiki, ama kwa sababu kipindi hakirushwi, na hakuna anayeipima hasara yao.

VITUO VINGI NA VYA KARIBU

Mwaka 1993 ndio uliopitishwa pia Sheria ya Huduma za Utangazaji iliyofungua mlango kwa vituo visivyo vya Serikali Tanzania Bara. Kwa upande wa Zanzibar, sheria ya Tume ya Utangazaji ilipitishwa mwaka 1997. Kabla ya hapo, mwaka 1991, waandishi waliojishughulisha na habari za mazingira walikwisha kuunda chama chao, JET. Kwa hivyo vituo vipya vilipoanza, walikuwepo waandishi waliokwisha kuifahamu kazi hiyo.

Baada ya vituo vya biashara vya mijini vilifuata vituo vya jamii. Kituo cha jamii ni kile kisichoanzishwa kwa ajili ya faida, kinachohudumia watu wa eneo maalumu, na ambacho watu hao wana sauti katika uendeshaji wake. Katika nyika za Simanjiro, kaskazini ya uwanda wa kati, kilianzishwa kituo cha Orkonerei huko Terrat kwa ajili ya wafugaji. Dodoma kipo kituo cha Dodoma FM. Wananchi wa Zanzibar wanavifahamu vituo vya aina hiyo vya Micheweni, Tumbatu na Mtegani huko Makunduchi. Vituo vya jamii vya Tanzania vimejiunga katika mtandao wao, uitwao TADIO, ambamo wanachama huchangia na kugawana habari.

Jirani zetu wa Kenya wamepitia njia hiyo hiyo, na si bila ya misukosuko. Kituo cha jamii cha Homa Bay, kilichoanzishwa mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, kilifungwa mwaka 1984. Miaka ishirini baadaye vikundi vya wanawake wa Ukambani vilianzisha Radio Mang'elete, katika eneo lenye ukame unaofanana na wa Dodoma.

Tofauti ya kituo cha jamii na redio ya taifa haipo katika ukubwa wa mtambo peke yake. Redio ya taifa ikisema kwamba mvua za msimu zitakuwa chini ya wastani katika mikoa ya kati, imesema kweli, lakini msikilizaji hubaki na suali: na hapa kwetu je? Kituo cha wilaya kinaweza kumleta bwana shamba anayefahamika kwa jina na kwa sura, akaeleza ni mtama gani upandwe katika udongo upi. Kinaweza pia kumleta mkulima aliyejaribu akafaulu, na aliyejaribu akashindwa. Habari ya kushindwa ina faida sawa na habari ya kufaulu, kwani humwokoa wa pili asirudie kosa la wa kwanza.

MFANO WA KISIKI HAI

Mti uliokatwa si lazima uwe umekufa. Ardhi ya Dodoma imejaa visiki vya migunga na miti mengine ya asili ambayo mizizi yake bado ina uhai. Kila mvua zinaponyesha visiki hivyo huchipua, na kila mwaka machipukizi hukatwa wakati wa kusafisha shamba au huliwa na mbuzi. Njia iitwayo Kisiki Hai humtaka mkulima achague kisiki, abakishe machipukizi machache yaliyo bora, ayapogolee mengine, akiwekee alama ili kisikatwe kwa bahati mbaya, na akilinde dhidi ya mifugo. Hahitaji kununua miche wala kubeba maji ya kumwagilia, kwa vile mizizi ya mti wa zamani imekwisha kwenda chini.

Njia hiyo ilipata umaarufu nchini Niger kuanzia miaka ya 1980, ambako Mwaustralia Tony Rinaudo aliitangaza katika eneo la Maradi, na kwa miaka iliyofuata hekta zinazokisiwa kufikia milioni 5 zikapata miti tena. Mkoani Dodoma, shirika la LEAD Foundation, kwa kushirikiana na shirika la Justdiggit la Uholanzi, lilianza kuieneza kwa nguvu mwaka 2018, na imefika katika mamia ya vijiji.

Jambo la kuzingatia ni namna ilivyoenezwa. Redio ilitumika, lakini haikuachwa peke yake. Filamu zilioneshwa vijijini nyakati za usiku, ujumbe ulitumwa kwa simu za mkononi, na katika vijiji walichaguliwa wakulima waliofundishwa kwanza ili wawafundishe wenzao. Mkulima aliyeisikia habari redioni asubuhi aliweza jioni kwenda kwa jirani na kukiona kisiki chenyewe kikiwa na alama yake. Huo ndio mfumo ule ule wa vikundi vya mwaka 1973, ukiwa umevaa nguo mpya. Kwa mara nyengine tena Dodoma ilionesha kwamba sauti ya hewani hupata nguvu inapokutana na mtu wa kuaminika aliyepo kijijini.

CHUO NA KIJIJI

Redio za vyuo nchini zimeanzia zaidi katika vyuo vinavyofundisha uandishi wa habari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Mlimani Redio, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Mwanza kina kituo chake. Kazi yao ya kwanza ni kuwafunza wanafunzi, lakini mawimbi hayachagui msikilizaji, na aliye jirani na chuo hufaidika pia.

Dodoma nayo ni mji wa vyuo. Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana vyote vilianzishwa mwaka 2007, na Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kilikuwepo kabla yao. Nje kidogo ya mji, huko Makutupora na Hombolo, vipo vituo vya utafiti wa kilimo. Kwa hivyo elimu ya ardhi, maji na mimea imekaa mwendo wa saa moja au mbili kutoka kwa mkulima anayeihitaji. Kinachohitajika ni daraja kati yao, na kipindi cha redio kinachotayarishwa na chuo pamoja na kituo cha jamii kinaweza kuwa daraja hilo.

Mfano mmoja ni maji ya mji wenyewe. Sehemu kubwa ya maji ya Dodoma hutoka katika visima virefu vya bonde la Makutupora. Kina cha maji katika visima hivyo kimekuwa kikiandikwa tangu miaka ya 1950, na kumbukumbu hizo ni miongoni mwa ndefu kabisa za aina yake katika nchi za joto. Wataalamu waliozichambua waligundua kwamba maji ya chini ya ardhi hayajazwi sawasawa kila mwaka. Hujazwa zaidi katika misimu michache ya mvua kubwa zinazokuja mara moja moja, kama zile za El Niño za 1997 na 1998, na baina ya misimu hiyo hushuka taratibu. Maana yake ni kwamba mkaazi wa Dodoma anayefungua mfereji mwaka wa ukame anakunywa akiba ya mvua zilizonyesha miaka mingi nyuma. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa vitendo, wanywaji wa akiba hiyo wamezidi.

Habari kama hiyo imo katika majarida ya kitaalamu, kwa lugha ya kigeni na kwa michoro isiyosomwa na wengi. Ikiwekwa katika nusu saa ya Kiswahili fasaha, mwananchi ataelewa kwa nini anaombwa atunze maji hata katika mwaka wa mvua nzuri.

Ushirikiano wa chuo na kituo cha jamii una sababu nyengine, nayo ni kalenda. Mwaka wa masomo wa vyuo vikuu huanza kiasi cha Oktoba au Novemba na kumalizika mnamo Julai. Baada ya hapo wanafunzi hurudi kwao, na kipindi kinachowategemea wao peke yao hunyamaza. Miezi hiyo ya likizo ndiyo miezi ya kiangazi kikali katika uwanda wa kati. Ndiyo miezi ambayo mkulima husafisha shamba na kuamua chipukizi lipi likatwe na lipi libaki, moto huwashwa katika mapori, na mifugo hutafuta malisho. Ikiwa kipindi kitanyamaza wakati huo, kitakuwa kimetoweka pale kinapohitajika zaidi. Kituo cha jamii hakina likizo. Chuo kikitayarisha vipindi wakati wa masomo, na kituo cha jamii kikaviendeleza wakati wa kiangazi kwa sauti za wakulima wenyewe, mwaka mzima utakuwa umeshughulikiwa.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kutokana na maelezo hayo, wenye vituo, viongozi wa shehia na vijiji, na wananchi wanaotaka kushiriki katika vipindi vya mazingira wanashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

(a) Kipindi kinachogawanywa baina ya vituo kiachiwe nafasi ya sauti ya mahali. Katika nusu saa, sehemu moja inaweza kuwa ya pamoja kwa vituo vyote, na sehemu iliyobaki itayarishwe na kila kituo kwa habari za eneo lake. Kipindi kinachofanana kila mahali kuanzia neno la mwanzo hadi la mwisho huwa ni redio ya taifa iliyogawanywa vipande.

(b) Saa ya kurusha ifuate kazi za watu. Wakati wa mvua mkulima wa Dodoma huwa shambani tangu alfajiri, na kipindi cha saa nne asubuhi husikilizwa na wasiokilima kipande hicho cha ardhi. Kipindi kirudiwe angalau mara moja katika saa tofauti.

(c) Redio na simu katika nyumba nyingi huwa mikononi mwa mwanamme, ilhali kuni, maji na sehemu kubwa ya palizi viko mikononi mwa mwanamke. Vikundi vya kusikiliza vya akinamama huondoa upungufu huo.

(d) Lugha iwe nyepesi. Utangazaji nchini hufanywa kwa Kiswahili, nacho kwa wazee wengi wa Kigogo, Kirangi na Kinyaturu ni lugha ya pili. Neno la kitaalamu lifafanuliwe kwa kitu kinachoonekana: korongo, kisiki, kisima.

(e) Msikilizaji apewe njia ya kujibu, kwa simu, kwa ujumbe mfupi au kwa kutembelewa kijijini, na suali lake lijibiwe katika kipindi kinachofuata. Kipindi kisichojibu masuali hupoteza wasikilizaji wake kimya kimya.

(f) Gharama zipangwe mapema. Vipindi vingi vya mazingira huanzishwa kwa fedha za miradi, na mradi unapomalizika kipindi nacho humalizika. Halmashauri, vyuo na jumuiya za wakulima ziangalie uwezekano wa kuchangia mafuta ya usafiri na posho ndogo ya mtayarishaji, kwani hizo ndizo gharama zinazoua vipindi vijijini.

HITIMISHO

Wananchi wa Unguja na Pemba wana mazingira yao na shida zao. Hapa petu udongo hauchukuliwi na makorongo ya Kondoa. Hapa petu maji ya chumvi huingia katika mabonde ya mpunga, mikoko hukatwa, na fukwe huliwa na bahari. Lakini vituo vya jamii vipo, vyuo vipo, na watu wenye ujuzi wa bahari na mashamba wapo katika kila shehia. Mzee wa Micheweni anayekumbuka bonde lilipokuwa likitoa mpunga mwema ni shahidi anayestahili kusikilizwa redioni, sawa na mtaalamu mwenye vipimo vyake.

Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Redio peke yake haioteshi mti, na chuo peke yake hakijazi kisima. Dodoma ilikaa miaka miwili bila ya kusikia yale ambayo wenziwe waliyasikia, na tofauti ikaonekana katika vitabu vya watafiti. Kila kijiji kinachoongezwa katika orodha ya wasikilizaji, na kila kikundi kinachokaa kuzungumza baada ya redio kuzimwa, hupunguza ukimya wa namna hiyo. Wananchi wanahimizwa kuvisikiliza vipindi vya mazingira vinavyorushwa na vituo vya maeneo yao, kuviulizia pale visipokuwepo, na kupeleka habari zao wenyewe katika vituo hivyo.